Mbio Haziishii Langoni

Mume wangu hajui kuanza jambo lolote polepole. Hata kuoa alioa hivyo hivyo. Aliniona mwanzoni mwa wiki, na wiki ilipoisha wajomba zake walikuwa wamekaa sebuleni kwa baba yangu na viatu vimeng'arishwa, mimi bado nauliza yule kijana wa mikate anaitwa nani. Baba alisema mtu mwenye haraka namna hiyo ama ana mapenzi ama ana deni. Wajomba wakaapa kwamba ni mapenzi. Mpaka leo sijapata ushahidi wa kuwapinga.

Kiwandani kwao wanamwita Tanuri. Ni kiwanda cha mikate cha zamani, kilicho mwisho wa mtaa, chenye tanuri la matofali ambalo huwashwa kwa kuni, na mwenye tanuri lile, kwa maana ya kulijua, ni yeye. Akipitisha kiganja mlangoni anajua kama liko tayari kupokea mikate au bado. Lakini jina walimpa kwa tabia pia. Akianza kula anamaliza wakati wewe bado unatafuta chumvi. Akicheka, jirani anakuja kuuliza kuna nini. Mimi namwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zetu wawili ambao sasa wameolewa na wana nyumba zao, na kwa sababu nikimwita Tanuri nyumbani atavimba kichwa.

Mara moja kwa mwaka tanuri lile huzimwa ili fundi wa matofali aingie ndani kuziba nyufa. Halizimwi kwa maji. Moto huachwa ufe wenyewe, mlango hufungwa, na kwa siku kadhaa hakuna anayeruhusiwa kuugusa, maana hewa baridi ikiingia kwa ghafla matofali hupasuka. Siku hizo Baba Pacha huwa mkali kama mama aliyelaza mtoto. Hata mwenye kiwanda akipita karibu anaambiwa akanyage taratibu. Na linapowashwa upya huanza na vijiti, halafu kuni nyembamba, halafu magogo, na huo ni mwendo wa siku nzima.

Asubuhi ya kuzima tanuri ndiyo asubuhi ya mbio zao. Sijui nani alizianzisha, nilizikuta. Mwokaji huvuta mkate wa mwisho kwa sepetu, lile la mti lenye mpini mrefu kuliko mtu, anauinua mlangoni wote wauone, na hiyo ndiyo filimbi. Wanaume wanavua aproni na kutimka vile vile walivyo, wamelowa jasho, unga hadi kwenye nyusi. Wanatoka langoni, wanakwenda mpaka kwenye tangi la maji, wanazunguka uwanja wa shule, wanarudi langoni. Hakuna kikombe wala zawadi. Mkate wa mwisho ni wa aliyeuvuta, na aliyeuvuta siku zote ni mume wangu. Kwa karibu miaka thelathini ameuleta nyumbani umefungwa kwenye aproni, nami nimeula siku hiyo adhuhuri na chai, peke yangu, yeye akiwa amelala.

Peke yangu nasema kwa sababu ndivyo tulivyoishi. Yeye anaoka usiku, mimi ni mshonaji, nashona sare za shule kwenye karakana inayofunguliwa asubuhi. Anapoingia mimi natoka. Tulikuwa tunapokezana mlango kama walinzi wa zamu. Habari za asubuhi, chakula kiko chini ya kawa, bili ya maji imekuja, haya kwaheri. Tumelea mapacha wawili kwa maneno ya mlangoni.

Mwaka jana, asubuhi ya mbio, nilikuwa nimeinama kwenye kola ya shati alipoingia Hamira. Hamira ni mkandaji wao wa unga, mtu mfupi mwenye mikono minene, aliyepewa jina hilo kwa sababu ukimsifu kidogo tu anaumuka. Siku hiyo hakuwa ameumuka. Alisimama mlangoni mwa karakana akasema, "Shemeji, njoo," halafu akatimka kurudi alikotoka.

Nilikimbia na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nilimkuta Baba Pacha amelala chali kando ya lango, amelowa chapachapa, damu inatoka kwenye paji la uso na kuchanganyika na unga, na wenzake wamemzunguka bila kumgusa. Macho yalikuwa yamefumba. Nilipiga magoti pale kwenye tope nikamshika uso, ulikuwa wa baridi, uso ambao sijawahi kuugusa ukiwa baridi tangu nilipoolewa. Nilijua nimeachwa. Sikulia. Nilichokifikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba jana yake jioni mlangoni, alipokwenda kazini, sikumtazama, nilikuwa natafuta ufunguo.

Akafumbua macho. Akanitazama, akatazama lango, akauliza nani amekuwa wa kwanza.

Nilitaka kumzaba kofi. Naapa mkono ulikuwa umeshanyanyuka.

Walinieleza huku tunampeleka hospitali. Alitoka mbio kama kawaida yake. Kwenye uwanja wa shule nyama ya nyuma ya paja ikavuta, akahisi kama kamba imekatika, lakini Tanuri hasimami kwa sababu ya kamba. Akamaliza akichechemea, wa pili. Alipovuka lango akasimama kama gari lililofunga breki, akashika magoti, Hamira akammwagia ndoo ya maji baridi ili kumpongeza, na hapo hapo akaenda chini na kugonga kichwa kwenye kizingiti. Hamira alikuwa analia. Alisema ndoo ile ameimwaga kila mwaka na haijawahi kumwangusha mtu.

Daktari alimshona paji la uso, akampima moyo, akasema moyo ni mzima ila presha iko juu na inataka dawa. Akamlaza usiku mmoja wamtazame. Jioni nilirudi nyumbani kuchukua nguo nikamkuta Hamira ameketi kwenye ngazi. Alikuwa ameuleta mkate wa mwisho, umefungwa kwenye aproni vilevile kama anavyoufunga Baba Pacha. Nikauweka mezani. Nyumba nzima ikanukia mkate na mwenye kuuleta hayupo. Sikuweza kuukata. Ulikauka pale pale mpaka ukawa mgumu kama tofali, na mabinti zangu walipokuja kumwona baba yao mmoja akautupa bila kuniuliza, nikamshukuru moyoni.

Kwa ajili ya paja walimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, binti mwembamba mwenye sauti ya upole, umri wa mapacha wetu. Alimlaza kitandani, akaunyanyua mguu na kuukunja huku na huku, akamtaka aeleze siku yenyewe ilikuwaje. Kisha akamuuliza kama huwa wanajipasha mwili kwanza kabla ya kukimbia.

Mume wangu alimtazama kwa huruma.

"Binti yangu," akasema, "mimi nasimama mbele ya tanuri usiku kucha. Nikitoka pale shati linakamuliwa. Unataka nijipashe vipi tena?"

"Lile joto ni la tanuri, mzee wangu," akasema binti. "Ngozi imepata moto. Misuli yako ilikuwa imesimama pale pale usiku mzima, imekakamaa, na maji mwilini yamekwisha kwa jasho. Halafu mkate unatoka, unaiambia ikimbie."

Baba Pacha akajiinua kwa kiwiko. Karibu miaka thelathini wanaume wa kiwanda kile wamekuwa wakisema wao hawahitaji kujinyoosha wala kurukaruka kama wachezaji wa mpira, wao wamepashwa na tanuri. Wamewacheka watu wa viwanda vingine kwa jambo hilo. Nilimwona akiligeuzageuza kichwani, na likimkera kwamba lina maana.

Binti akauliza wakishafika wanafanya nini. Akajibiwa kwamba wanakaa chini na kumwagiana maji. Akaweka kalamu mezani. Alieleza taratibu, akinitazama zaidi mimi, kwamba mtu anapokimbia miguu inasaidia kuisukuma damu irudi juu. Ukisimama ghafla, miguu inaacha kazi hiyo lakini damu bado imejaa huko chini, kichwa kinapungukiwa, na mtu anaanguka. Na sasa kwa kuwa atakuwa anameza dawa za presha, ndiyo kabisa asithubutu kusimama ghafla. Aendelee kutembea, apunguze mwendo kidogo kidogo mpaka pumzi irudi, ndipo ajinyooshe, ndipo akae.

Hapo mimi nikashindwa kujizuia. Hasira niliyokuwa nimeibeba tangu langoni ilinipanda yote.

"Baba Pacha," nikasema, "tanuri lako likizimwa, unalimwagia maji?"

Alishuka kitandani akaanza kutafuta viatu vyake.

Mimi nilitaka aache mbio. Nilimwambia wazi, paja lilipokuwa bado linauma, kwamba mtu wa umri wake angetosheka na kutembea mpaka dukani. Hakugomba. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anavaa soksi, na kwa sababu ya paja ilikuwa kazi ya muda mrefu. Akasema kwamba mwaka mzima hakuna anayemwona, anaoka watu wamelala, na wanapoamka wanaukuta mkate. Ni asubuhi ile moja tu ambayo anakuwa juani na watu wanamwona anakwenda. Kwa maneno hayo nikachukua soksi ya pili nikamvalisha.

Daktari alisema mazoezi yatamsaidia hata kwa presha, mradi ayafanye kwa utaratibu. Binti wa viungo akasema vivyo hivyo. Basi nikaona siwezi kupigana na hospitali nzima. Nikamwambia atakimbia, lakini kuanza kwake na kumaliza kwake nitakusimamia mimi.

Kwa hiyo paja lilipopona tukaanza kwenda uwanja wa shule alfajiri anapotoka kazini, kabla wanafunzi hawajafika na kabla karakana haijafunguliwa. Asubuhi ya kwanza nilimwambia tuanze kwa kutembea. Akatembea kama mtu anayefukuza mwizi. Nikamshika shati kwa nyuma. Tulizunguka uwanja hivyo, yeye mbele ananivuta, mimi nyuma namzuia, na mlinzi wa shule akatoka kwenye kibanda chake kutazama kama kuna ugomvi wa nyumbani aamue.

Polepole akajifunza. Kutembea kawaida, kisha kwa haraka kidogo, kisha kupunga miguu mbele na nyuma huku ameshika ukuta, kunyanyua magoti, kuzungusha mabega, kisha mbio za mzaha, ndipo mbio zenyewe. Zamani alikuwa anajua zoezi moja tu, kuinama ghafla na kudundadunda mpaka vidole viguse chini, naye akidhani kelele za goti ni dalili ya afya. Binti wa viungo alimkataza. Alisema kabla ya mbio mwili utikiswe, kunyoosha kwa kutulia kuje baada, mwili ukiwa na joto, taratibu, bila kudunda, na unapohisi maumivu unarudi nyuma. Baba Pacha akawa anayarudia maneno hayo kwa Hamira kana kwamba yeye ndiye aliyesomea.

Lakini kumaliza kulimshinda. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kila alipofika mwisho wa mzunguko wake miguu ilikufa pale pale, mikono magotini, na mimi roho ikanitoka kila mara, nikaliona lango na tope. Nilimwambia, nikamgombeza, akaahidi, kesho yake akasimama tena. Mwisho nikaacha kusema. Nilikuwa na desturi ya kukaa kwenye jiwe nikipiga pindo za sketi wakati anakimbia. Siku hiyo nilipoona anakaribia kumaliza niliinuka, nikaingia njiani, nikamshika mkono na kutembea naye. Mimi ni mnene na magoti yangu si ya kusifiwa, mwendo wangu unajulikana mtaa mzima. Ikambidi aufuate. Tukazunguka uwanja, mwendo ukipungua, pumzi yake ikipungua, mpaka akawa anaweza kusema sentensi nzima bila kuikata. Hivyo ndivyo tulivyogundua kwamba kifaa muhimu kuliko vyote katika mazoezi ya mume wangu ni uzito wangu.

Na katika mzunguko ule tukaanza kuzungumza. Sikulitegemea hilo. Watu waliokutana mlangoni kwa karibu miaka thelathini wana mengi yaliyolala. Alinieleza kwamba tangu mabinti waolewe anapoingia nyumbani asubuhi anagonga kwanza, ingawa ana ufunguo, ili nikiwa bado sijatoka nimwitikie. Mimi nilikuwa nadhani ni mazoea tu. Nilimweleza kwamba nikirudi jioni nalalia upande wake wa kitanda kwa sababu bado una harufu ya kuni. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari za nchi nyingine. Tulikuwa tumefika kwenye goli, tukazunguka tena bila sababu ya kimatibabu.

Asubuhi moja aliniuliza kama nakumbuka mbio zake za kwanza. Nakumbuka. Nilikuwa msichana, nimetumwa na fundi wangu kupeleka aproni mpya kiwandani, nikakuta wanaume wanatimka langoni nikajibanza ukutani nisikanyagwe.

"Mimi sikuwa na mpango wa kukimbia," akasema. "Nilikuwa mgeni kazini, nimechoka, nataka kulala. Nikakuona umesimama pale na aproni. Ndiyo nikakimbia."

"Mbona hukusema siku zote?"

"Kila mwaka nikivuka lango natazama pale ukutani. Nafikiri labda safari hii amepita."

Sijawahi kupita. Kulikuwa na watoto, kulikuwa na sare za kumaliza, na mbio za wanaume wenye unga niliziona ni mambo yao. Nilimkaza mkono nikaendelea kutembea. Kuna maneno ukiyajibu haraka unayaharibu.

Miezi ikapita hivyo, na asubuhi ya kuzima tanuri ikakaribia, na ndipo tulipogundua tatizo ambalo wote wawili tungepaswa kuliona mapema. Anayevuta mkate wa mwisho ndiye anayepiga filimbi. Hana hata dakika ya kutembea wala kupunga mguu, anatoka mdomoni mwa tanuri na kutimka. Ili ajipashe mwili ilimpasa atoke nje mapema, na ili atoke mapema ilimpasa ampe mtu mwingine sepetu.

Nilimwambia hivyo kwenye mzunguko wetu. Akatoa mkono wake mkononi mwangu.

"Mkate wa mwisho ni wangu," akasema. "Omba lingine."

Sikuomba lingine. Sikuomba tena hata hilo. Kuna mambo mke anaweza kuyashinda kwa kusema kila siku, lakini nilijua kwamba nikimnyang'anya sepetu kwa maneno atakimbia na kinyongo, na mwenye kinyongo hukimbia vibaya kuliko mwenye baridi. Siku mbili alitembea kwenye mzunguko bila kuzungumza. Mimi nilimeza uoga wangu kama anavyomeza dawa zake, kila asubuhi kidonge kimoja. Usidhani nilikuwa mtulivu. Kule karakana nilishona mkono wa shati shingoni, na wasichana wangu wakanifundisha kazi niliyowafundisha mimi.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, akifunga viatu vya kazi, aliuliza bila kunitazama kama nitakuja.

Nikasema nitakuja.

"Langoni?"

"Nitakuwepo," nikasema.

Nilikuwa nimeshaamua mahali pa kusimama, na halikuwa lango. Ukitoka langoni na kuifuata barabara kwenda mbele, upande usio wa mbio, kuna ukuta mrefu wa kiwanda, halafu kibanda cha fundi viatu, halafu nguzo ya umeme. Nilikwenda kusimama kwenye ile nguzo na mwavuli wangu wa kijani. Fundi viatu akaniambia, mama, mbio zinatazamwa kule. Nikamwambia najua zinapotazamwa. Akanipa kigoda, sikukikalia.

Lango lilikuwa bado limefungwa. Mlango mdogo wa pembeni ukafunguliwa na mtu mmoja akatoka, peke yake, bila aproni. Alikuwa anakunywa maji kwenye chupa. Akaiweka chini akaanza kutembea kando ya ukuta, kwenda na kurudi, polepole, kisha kwa haraka kidogo. Akashika ukuta akapunga mguu mmoja, akapunga wa pili. Ndani wenzake walikuwa wanacheka, kelele zilinifikia, na mmoja alitoa kichwa kwenye mlango mdogo akamwita bibi harusi. Hakugeuka. Alinyanyua magoti kama alivyofundishwa, mtu mzima na mvi zake, barabarani, saa ya watu kwenda kazini.

Alikuwa hajaniona. Mimi nilijibanza nyuma ya nguzo nikalia, na fundi viatu kwa adabu yake akajifanya anatafuta sindano.

Sikuona mkate wa mwisho ukivutwa. Hamira alinisimulia baadaye kwamba Baba Pacha alimwita mbele ya wote akamkabidhi sepetu kwa mikono miwili, akamwambia auvute taratibu usikwaruze chini, halafu akatoka bila kutazama nyuma. Hamira, ambaye ukimsifu kidogo anaumuka, alisema karibu auangushe mkate.

Lango likafunguliwa, wakatimka. Aproni zilitupwa hewani. Mume wangu hakutoka kama risasi safari hii, alitoka kama mtu anayejua anakokwenda, wakapotea wote kwenye kona ya tangi la maji. Mtaa ukatulia. Muda ule sitausimulia, kwa sababu sikuwa na fikra ndani yake, nilikuwa na masikio tu.

Walirudi wametawanyika. Wa kwanza kijana wa kupakia magari, kisha wengine wawili, kisha yeye. Wa nne, uso umelowa jasho, paja salama. Pale langoni wake wa wenzake walikuwa wamepanga mstari wakipiga vigelegele, na ndoo ya maji ilikuwa tayari. Akavuka. Nikaona kichwa chake kinageuka kwenye ule ukuta niliosimama nikiwa msichana. Hapakuwa na mtu. Akatazama mstari wa wanawake, uso baada ya uso, na mwendo ukaanza kumwisha, miguu inakufa, mkono mmoja umeshafika gotini, na wenzake wanamjia wamnyanyue.

Nilifungua mwavuli nikauinua juu kadiri mkono wangu ulivyoweza. Sikuita. Kama ningeita sauti ingetoka vibaya.

Akauona. Alisimama wima, akajitoa mikononi mwa watu, akaanza kutembea kuja kwangu. Mmoja wao alimpigia kelele nyuma, "Tanuri, mbio zimeishia hapa!"

"Zenu," akajibu, bila kusimama.

Barabara ile ni ndefu kidogo, niliichagua kwa hilo. Alikuja akipunguza mwendo mwenyewe, bila kushikwa shati, mikono kiunoni, kifua kikipanda na kushuka. Alipofika alikuwa na machozi, au jasho, na mimi sikutaka kujua. Sikumkumbatia. Niliugeukia upande aliokuwa anaelekea nikamshika mkono, tukaendelea.

"Nilidhani hukuja," akasema, pumzi ikimkatisha.

"Nimekuja. Ningekaa langoni ungesimama langoni."

Alicheka kwa pumzi aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi. Tukaupita mtaa wa maduka, tukapinda kwenye karakana yangu, ambako wasichana walichungulia dirishani kutupungia, tukarudi kwa njia ya nyuma. Sikuangalia saa. Nilisikiliza pumzi yake tu, na ilipokuwa imetulia sawa na yangu, nikamruhusu ashike ukuta wa nyumba yetu anyooshe paja, taratibu, bila kudunda.

Mkate wa mwisho alikwenda nao Hamira kwake. Adhuhuri nilipika chai, na mezani, pale ulipokauka ule wa mwaka jana, hapakuwa na kitu. Alikuwepo yeye tu, amekataa kulala, mguu ameunyoosha juu ya kiti changu, anauliza chai yenyewe inapashwa moto au inatengenezwa upya.